Kaunti 129 kwa 30: Trump alivyobeba ramani akakosa Georgia

Ijumaa ya Novemba 6, 2020, saa sita na nusu mchana hivi, nilikuwa kwa saiba moja hapa mtaani nikimchapishia jamaa barua ya kuomba kazi. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache nyuma, karo ilikataa kutosha, na hiyo saiba ndiyo ilikuwa inanilisha. Kwa kompyuta nilikuwa nimefungua vitu viwili: barua ya jamaa na ramani ya jimbo la Georgia, Marekani.

Sababu ya Georgia ni Anti. Dada ya baba anaishi Marietta, Kaunti ya Cobb, nje kidogo ya Atlanta. Wakenya wamejaa huko, na kama uko na mtu wa ukoo Georgia, uwezekano mkubwa ni kwamba ako pande hizo. Yeye hufanya kazi ya kuwatunza wazee, shifti ya usiku. Huko kwao ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, kwa hivyo nilijua ako macho.

Ramani yenyewe ilikuwa inatisha kama una upande. Georgia iko na kaunti 159. Sisi na 47 zetu tunaona ni nyingi, na nchi hii ni kubwa kuliko Georgia mara karibu nne. Nyekundu ni ya Republican, buluu ni ya Democratic. Sasa hiyo ramani ilikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini, na vidoadoa vya buluu hapa na pale kama mtu aliyemwagikiwa na wino.

Nikamwandikia: "Anti, huko kwenu kumeisha. Karibu jimbo lote ni jekundu."

Akanitumia sauti, anacheka. "Wewe mtoto, hiyo unaangalia ni misonobari. Misonobari haipigi kura."

Hazikupita dakika nyingi, Joe Biden akampita Donald Trump. Kura zilizomvusha zilitoka Clayton, kaunti ndogo ya kusini mwa Atlanta, ile yenye sehemu kubwa ya uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson. Sehemu ya Clayton ilikuwa katika eneo bunge la John Lewis, yule mkongwe wa haki za watu weusi aliyekufa Julai mwaka huo huo. Uongozi wa kwanza haukufika hata kura 1,000. Jamaa wa barua alikuwa ananiuliza kama nimemaliza, na mimi nimekodolea skrini macho.

Hesabu ya mwisho, baada ya kura kurudiwa, ilikuwa hivi: Biden 2,473,633, Trump 2,461,854. Tofauti ni 11,779 kati ya karibu kura milioni tano. Trump alishinda katika kaunti 129. Biden alichukua 30 pekee na akaondoka na jimbo.

Ukitaka kuelewa hiyo ni hesabu gani, chukua kaunti mbili. Brantley iko kusini mashariki, mashamba na misitu. Huko Trump alipata karibu asilimia 90, kura kama 7,000 dhidi ya 700 hivi. Huo ni ushindi wa kutembea ukiimba. Sasa njoo DeKalb, ubavuni mwa Atlanta. Biden 308,162, Trump 58,377. Pengo ni karibu kura 250,000. Ili kuziba DeKalb peke yake unahitaji Brantley zingine karibu 40, na Brantley zenyewe zinakula nafasi kubwa zaidi kwa ramani. Jicho linaona ardhi, lakini kura hutolewa na watu, na watu wamebanana Atlanta kama abiria wa saa kumi na mbili jioni pale Ambassadeur.

Hata hivyo ukisema tu kwamba mji ulishinda mashamba utakuwa umeruka sehemu tamu.

Angalia Cobb ya Anti. Mwaka wa 2012 Mitt Romney wa Republican aliishinda bila shida. Mwaka wa 2016 Hillary Clinton akaichukua kwa pembe nyembamba, mara ya kwanza kwa Democratic tangu Jimmy Carter mwaka wa 1976, na huyo Carter alikuwa mtoto wa nyumbani Georgia. Mwaka wa 2020 Biden akaishinda kwa zaidi ya kura 56,000. Miaka minane tu. Gwinnett, jirani yake, ilifuata njia hiyo hiyo. Watu walihamia, wahamiaji wakapata uraia, watoto wao wakafika miaka 18. Anti alikuwa mmoja wao. Ile 2012 alikuwa bado anahangaika na makaratasi.

Halafu kuna kaunti ambazo Trump alishinda kwa kishindo na bado zikamuumiza. Forsyth, kaskazini mwa Atlanta, ilimpa karibu asilimia 71 mwaka wa 2016. Mwaka wa 2020 ikampa karibu 66. Kwa ramani Forsyth ilibaki nyekundu ile ile. Lakini kwa jimbo ambalo limeamuliwa na kura 11,779, kupoteza pointi tano kwa kaunti iliyojaa wapiga kura ni kama tangi inayovuja huku ukijisifu kwamba gari bado linatembea. Kuna watu wa Forsyth waliompigia Biden wakijua vizuri kaunti yao haitabadilika rangi. Kura zao hazikuonekana popote kwa ramani, na zilihesabiwa.

Mimi nilipiga hesabu moja kwa kikokotoo cha simu usiku huo. Gawanya 11,779 kwa kaunti 159. Unapata 74. Kwa hivyo watu 38 tu katika kila kaunti wangehama kutoka Biden kwenda kwa Trump, mambo yangekuwa mengine. Watu 38 hata hawajazi matatu tatu za abiria 14.

Ndiyo maana fujo ilikuwa kubwa. Georgia ilihesabu kura zote kwa mkono, karatasi moja moja. Katika Floyd zikapatikana karatasi zaidi ya 2,000 ambazo hazikuwa zimepitishwa kwa mashine, na Fayette kadi ya kumbukumbu ilikuwa haijasomwa. Kaunti zote mbili ni za Trump, kwa hivyo pengo likapungua, halikuisha. Kisha Trump akaomba hesabu ya tatu, ya mashine, na bado akashindwa. Januari 2, 2021 akampigia simu Brad Raffensperger, waziri wa jimbo anayesimamia uchaguzi, ambaye ni mtu wa chama chake mwenyewe, akimtaka atafute kura 11,780. Hesabu mwenyewe. Pengo, ongeza moja. Simu ilirekodiwa na dunia nzima ikasikia. Raffensperger hakutafuta.

Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya hilo jimbo, kazi ya saiba ina saa nyingi za kukaa bure. Nikakutana na kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunifunza, na sidhani wangenifunza hata ningemaliza chuo.

Zamani Georgia kaunti zenyewe ndizo zilipiga kura. Kwa sheria ya 1917, mchujo wa Democratic, ambao siku hizo ndio ulikuwa uchaguzi wenyewe, haukuamuliwa na jumla ya kura za watu. Kila kaunti ilipewa pointi. Kaunti nane kubwa zilipata sita kila moja, 30 za kati zikapata nne, na 121 zilizobaki mbili mbili. Mshindi wa kaunti alibeba pointi zote. Maana yake ni kwamba vijikaunti vitatu vya mashambani vilitoshana na Fulton nzima, Atlanta na watu wake wote.

Mwaka wa 1946 James Carmichael alipata kura nyingi kuliko Eugene Talmadge, kama 16,000 zaidi. Talmadge, mtu wa ubaguzi bila aibu, akawa mgombea wa chama kwa pointi 242 dhidi ya 146. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu weusi kuruhusiwa kupiga kura katika mchujo huo, baada ya mahakama kufungua mlango. Unaona mchezo? Unaruhusiwa kuingia mlangoni, halafu ndani unakuta hesabu ilishapangwa. (Talmadge alikufa Desemba kabla ya kuapishwa, na Georgia ikajikuta na watu watatu wanaodai kiti cha gavana. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Mfumo huo ulivunjwa mwaka wa 1963. Mpiga kura mmoja wa Fulton, James Sanders, alienda mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua majaji wanane kwa mmoja kwamba mtu mmoja ana kura moja. Katika kesi hiyo ilionekana kwamba mkazi mmoja wa Echols, kaunti ndogo kabisa wakati huo, alikuwa na uzito wa wakazi 99 wa Fulton. Sasa fikiria Georgia ya 2020 ingekuwa bado inahesabu hivyo. Kaunti 129 kwa 30. Hakuna mtu angekesha kusubiri Clayton.

Wasee wa hapa hupenda kusema haya ni mambo ya wazungu. Sawa. Lakini sisi pia tuko na kaunti ndani ya sheria yetu ya uchaguzi. Rais lazima apate nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na asilimia 25 katika kaunti 24 au zaidi. Seneti yetu nayo, Kiambu yenye wapiga kura 1,275,168 mwaka wa 2022 na Lamu yenye 81,453 zilichagua seneta mmoja mmoja. Mimi sioni hiyo kama dhambi, Lamu ikimezwa nani ataisikia? Ila hesabu ni hesabu, na ni vizuri uijue kabla ya kupiga kelele.

Na 2022 ndiyo inaniuma.

Agosti hiyo nilikuwa hapa Nairobi, na kura yangu iko ocha, kaunti ya magharibi ambayo matokeo yake ya urais ungeweza kuyaandika Januari. Nauli ilikuwa imepanda vile hupanda. Niliangalia doo nilizokuwa nazo, nikaangalia kodi, nikajiambia kaunti yetu rangi yake inajulikana, kura moja itafanya nini. Nikabaki. Usiku nikawa mmoja wa wale wataalamu wa kupakua fomu 34A kutoka tovuti ya IEBC. Tulikuwa vijana wanne kwa chumba kimoja, bando ya kuchangiana, tunajumlisha vituo kwa daftari. Tunahesabu kura za wengine, manze, na kati yetu wanne aliyepiga ni mmoja.

William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Gawanya pengo hilo kwa vituo 46,229 unapata kura tano kwa kila kituo. Na kwa sababu ya ile nusu na moja zaidi, mambo yalikuwa membamba kuliko hapo: Ruto alivuka mstari kwa karibu kura 70,000. Wawili tu kwa kila kituo wakibadilisha mkono, tunaenda duru ya pili ambayo nchi hii haijawahi kuiona. Vituo vyote, pamoja na kile cha shule ya msingi ya kwetu ambacho rangi yake inajulikana.

Lakini hata si urais uliniumiza. Ni udiwani. Kijana tuliyesoma naye aliwania kiti cha wadi yetu, bila pesa, kwa pikipiki ya kuazima. Alianguka kwa kura ambazo ungezibeba kwa matatu mbili. Mama ndiye alinipigia kuniambia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula, kisha akataja majina ya watoto wa kijiji walio Nairobi ambao hawakuja. Alipofika kwa jina langu akanyamaza.

Nilimwambia Anti baadaye, nikidhani atanituliza. Akaniuliza, "Unajua Oktoba ile nilisimama laini saa ngapi?" Nilikuwa najua. Siku ya kwanza ya kura za mapema Cobb, Oktoba 12, 2020, foleni zilizunguka majengo. Alitoka shifti ya usiku, akasimama karibu saa sita, viatu vya kazi mguuni. Hajawahi kuniambia alimpigia nani na sijauliza.

Mwaka wa 2024 Trump aliichukua Georgia kwa kura kama 115,000. Cobb ilibaki buluu. Nilimuuliza Anti kama anahisi alipoteza saa zake, akasema safari hiyo laini ilikuwa fupi.

Uchaguzi wetu ni Agosti 10, 2027. Tangu IEBC ifungue tena usajili, nimekuwa nikizungusha swali moja: nihamishe kura niilete Nairobi, mahali ninakaa, ninalipa kodi na kunyimwa maji, au niiache ocha ambako yule kijana wa pikipiki anasema atajaribu tena? Wiki jana nilifika hadi ofisini na kitambulisho mkononi. Karani akaniuliza, "Unahamisha?" Nikamwambia anipe dakika moja, nikatoka nje kumpigia Mama, na simu yake ilikuwa imezimwa.