Mwalimu Mpya wa Elimu Maalumu Mombasa Bara

Elimu maalumu, yaani ufundishaji unaopangwa kwa kufuata mahitaji ya mtoto ambaye ulemavu wake humzuia kujifunza kwa njia ya kawaida, imetia mizizi Mombasa bara, kwani Likoni ipo shule ya wasioona inayofadhiliwa na Jeshi la Wokovu, na Port Reitz, upande wa Changamwe, ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Mwalimu anayeripoti katika shule za namna hii huwa amekwisha kusoma majina ya hali nyingi, ukiwemo usonji na mtindio wa ubongo, ambao ni hitilafu ya misuli na mwendo inayotokana na ubongo kudhurika mapema. Lakini jina la hali halisemi mtoto anaweza nini wala anakwama wapi.

Ndiyo maana ujuzi wa kutazama hutangulia. Vituo vya tathmini vilivyoanza nchini Kenya mwaka 1984, miaka miwili kabla ya Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kasarani, humpima mtoto na kupendekeza shule, ila kazi ya kila siku humwangukia mwalimu, anayepaswa kumwandikia kila mwanafunzi mpango wake wenye malengo yanayopimika. Kusema kwamba mtoto atajifunza kujihudumia hakutoshi. Kuvaa shati kuna hatua zake, na mara nyingi inafaa kuanza na ya mwisho: mwalimu humvalisha mtoto, akamwachia kifungo kimoja akifunge mwenyewe, kisha viwili, ili kila siku mtoto aonje furaha ya kumaliza.

Breli, maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa vidole, nayo hudai mikono iliyozoea. Anayeandika kwa kibao na msumari hutoboa karatasi kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi huigeuza. Akisahau kuigeuza, e husomeka i. Mwalimu ambaye hajakosea hivyo mara nyingi, akasahihisha kwa kidole chake, atayaelewaje makosa ya mwanafunzi? Vivyo hivyo Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia, ina sarufi yake, wala si Kiswahili kilichotiwa mikononi.

Mwalimu ana la kujifunza kwa wazazi pia: mzazi wa Kisauni aliyemlea mtoto wake miaka saba anazijua sauti zake za njaa na za maumivu, na ni kosa kubwa kumwita mzazi huyo shuleni kusikiliza tu bila kumuuliza.

Liko pia somo la mwendo na uelekeo, ambalo halimaliziki darasani. Kijana asiyeona wa Likoni atavuka feri, na fimbo yake nyeupe itabidi itambue pale lami inapoinama kuelekea majini na pale chuma cha feri kinapoanza, huku umati ukimsukuma; mwalimu wake apaswa awe ameipita njia hiyo kwanza, amefungwa kitambaa machoni, ameshika mkono wa mwenzake.