Kocha Aliyekuja kwa Muda Mfupi



Kwetu, wachezaji humwita kocha wao "Mwalimu". Jina hilo lingemstahiki Clarence Gaines, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1923 mjini Paducah, jimbo la Kentucky.

Gaines alihitimu shahada ya kemia katika chuo cha Morgan State mwaka 1945. Huko ndiko alikopewa lakabu ya "Big House", yaani Jumba, kwa ukubwa wa umbo lake. Nia yake ilikuwa kusomea udaktari wa meno. Kabla ya kwenda huko, akakubali kazi ya kumsaidia kocha katika chuo kidogo cha ualimu cha watu weusi, mjini Winston-Salem, North Carolina. Mwaka 1946 akaachiwa mzigo wote: mpira wa Kimarekani, ule uchezwao kwa mikono zaidi kuliko miguu, mpira wa kikapu, matibabu ya wachezaji, hata tikiti za mlangoni. Mwaka 1948 alichaguliwa kocha bora wa mpira wa Kimarekani katika jumuiya ya vyuo vyao. Baada ya msimu wa 1949 akauacha mchezo huo, akashughulika na kikapu.

Zama hizo ubaguzi uliwafungia vijana weusi milango ya vyuo vikuu vya kusini, na vipaji vingi vikaangukia vyuo vidogo. Earl Monroe, kijana wa Philadelphia, alipata wastani wa pointi 7 tu kwa mchezo katika mwaka wake wa kwanza. Katika mwaka wa nne wastani wake ulifikia pointi 41.5. Mwaka huo, 1967, timu ya Gaines iliifunga Southwest Missouri State 77 kwa 74, ikawa ya kwanza kutoka vyuo vya watu weusi kutwaa ubingwa wa NCAA, katika daraja la vyuo vidogo.

Kisha vyuo vikubwa vikafungua milango. Ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini vijana ambao zamani wangekwenda kwa Gaines sasa walikwenda huko, naye akaonja kushindwa kwingi. Hata hivyo hakuhama. Alistaafu mwaka 1993, baada ya miaka 47 na ushindi 828. Wakati huo, katika vyuo vyote, ni Adolph Rupp peke yake aliyekuwa amemzidi. Gaines alifariki mwaka 2005.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu darasa letu la Kiswahili la watoto halina walimu wa kutosha. Kila ninayemwomba hunijibu kwamba yeye yupo hapa kwa muda tu. Wengine wamenijibu hivyo tangu wanao hawajazaliwa. Leo watoto hao wanawaamkia bibi zao kwenye simu kisha wanakosa la kuongeza.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lipo. Tunangoja mikono.