Meza ya Wenzako Kabla ya Meza ya Mhariri

Wapo watu wengi walioandika hadithi au mashairi ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuyasoma. Kazi imekamilika, au imekaribia. Imefutwa, imeandikwa upya, imefutwa tena. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia bado haijaiva. Mara nyingi anasema kweli, ila haielekei kuiva ikiwa kabatini, kwa sababu mtu anayejisomea mwenyewe hujaza kwa kumbukumbu kila alichosahau kukiandika. Anajua kwa nini mhusika wake alihama kijijini, kwa hiyo haoni kuwa sababu hiyo haimo ukurasani. Jamaa zake humwambia ajipe moyo, apeleke tu kwa mchapishaji. Ushauri huo unamtaka aruke kwa mkupuo mmoja kutoka kutosomwa na mtu yeyote hadi kusomwa na umati asioujua kwa idadi wala kwa sura. Ninashikilia kuwa kikundi cha uandishi humfaa mtu huyu kwa sababu hakimdai ushujaa. Kinaifupisha hatua yenyewe mpaka mwoga naye aweze kuipiga.

Mfano ulio karibu nasi ni FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Kilianza mwaka 1995 kwa juhudi za Mary Karooro Okurut, aliyewahi kuwa mhadhiri wa fasihi Makerere, na kikazinduliwa rasmi mwaka uliofuata. Wakati huo vitabu vya kubuni vilivyoandikwa na wanawake wa Uganda vilikuwa vichache mno, ingawa nchi ilikuwa na chuo kikuu kilichosifika Afrika nzima kwa fasihi. Chama kikajiwekea kikao cha Jumatatu: mtu analeta alichoandika, kinasomwa, na wenzake wanasema walichokiona. Kufikia mwaka 1999 kilikuwa kinachapisha vitabu vyake, mojawapo kikiwa riwaya ya Goretti Kyomuhendo, Secrets No More. Mwaka 2007 mwanachama wake Monica Arac de Nyeko alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi Jambula Tree, na mwaka 2011 Beatrice Lamwaka akaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo hiyohiyo. Mtu anaweza kusema wanawake hawa wangefika tu kwa vipaji vyao. Huenda. Lakini vipaji havikuanza kuzaliwa Uganda mwaka 1995. Anaweza pia kusema kwamba chama kilikuwa mchapishaji, na hilo peke yake linatosha kueleza mafanikio hayo. Lina uzito wake, sikatai. Ila mchapishaji hawezi kufanya lolote kwa mswada ambao mwenyewe hajathubutu kuutoa.

Tazama basi hiyo siku maalumu, ambayo kwa nje inaonekana kuwa jambo la ratiba tu. Anayesita hulazimika kuamua upya kila asubuhi kama leo ataonyesha kazi yake, na kila asubuhi jibu huwa kesho. Zamu yake ikishapangwa, uamuzi umekwisha kufanyika. Kilichobaki ni kutimiza ahadi kwa watu wanaomngoja, na wengi wetu tunaona haya kuvunja ahadi kuliko tunavyoona haya kusoma ukurasa mbovu. Halafu kuna mwenendo wa hofu yenyewe. Wanasaikolojia wameeleza kwa muda mrefu kwamba hofu hunenepa kwa kukwepwa, na hupungua mtu anapoikabili kidogo kidogo, mara nyingi, bila lile baya analolitarajia kutokea. Kikao cha kwanza mikono inatetemeka. Cha tano, mtu anaanza kusikiliza wanachosema wenzake.

Hata hivyo, faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haipatikani siku ya zamu yako. Inapatikana siku za zamu za wengine. Mwandishi aliyejifungia huilinganisha rasimu yake na vitabu vya dukani, ambavyo vimepita kwa mhariri na kwa msahihishaji, tena pengine vimeandikwa upya mara nyingi kuliko waandishi wake wanavyopenda kukiri. Katika mashindano hayo yasiyo ya haki atashindwa kila siku, kisha atadhani ameshindwa kwa kukosa kipaji. Kikundini anamwona mtu anayemheshimu akileta sura iliyolegea, mazungumzo ya wahusika yasiyoaminika, mwisho uliopapiwa. Baada ya majuma kadhaa sura ileile inarudi imesimama. Sidhani kuna darasa linalofundisha haraka kiasi hicho kwamba ubovu wa rasimu ni hali ya kawaida ya kazi.

Kinachotofautisha kikundi kinachosaidia na kile kinachoua ni namna ya kusema. Mmarekani Peter Elbow, katika kitabu chake Writing Without Teachers cha mwaka 1973, alipendekeza madarasa ya uandishi yasiyo na mwalimu, ambamo msomaji hasemi kazi ni nzuri au mbaya bali anaeleza kilichompitia akilini akiisoma: hapa nilicheka, hapa nilipotea, hapa nilianza kuchoka. Mwandishi naye asikilize, asijitetee. Anayesita huogopa hukumu, na kauli ya aina hii haina hukumu ndani yake. Ni taarifa tu, na mwenye kazi ndiye anayeamua la kuifanyia.

Taratibu hizo zikikosekana, madhara ni ya kweli, na hapa ndipo pingamizi kubwa, kwamba kikundi kinaweza kumvunja mtu moyo, linapopata nguvu. Kikundi cha waandishi cha Inklings, kilichokutana Oxford, kinatoa ushahidi wa pande zote mbili. J.R.R. Tolkien alisoma humo sehemu za The Lord of the Rings kwa miaka kadhaa kabla haijachapishwa mwaka 1954 na 1955, na baadaye alikiri kwamba alichokipata kwa mwenzake C.S. Lewis hakikuwa ushawishi wa kawaida bali kutiwa moyo: ni Lewis aliyemfanya aamini kuwa hadithi zile zingeweza kuwa zaidi ya burudani yake binafsi. Lakini kikundi hichohicho kilikuwa na Hugo Dyson, aliyezichukia hadithi zile waziwazi, na ikafika wakati Tolkien hakuzisoma tena Dyson akiwapo. Mtu mmoja alitosha kufunga mdomo wa mtu aliyekuwa tayari profesa. Kwa hiyo anayeona kikundi chake kinamrudisha kabatini aondoke bila kuomba radhi, atafute kingine.

Mapingamizi mengine mawili nayaona mepesi. Wapo wanaohofia kuibiwa. Sheria za hakimiliki za Tanzania ya 1999 na Kenya ya 2001 hulinda kazi tangu inapoandikwa, hata kama haijachapishwa. Wazo tupu halilindwi, lakini wazo tupu halina thamani kubwa vilevile. Wengine wanasema mwandishi wa kweli hufanya kazi peke yake, na mkono wa wengi utaipotezea kazi sauti yake. Kuandika, ndiyo, ni kazi ya upweke. Kusomwa siyo. Washairi wa Kiswahili walilijua hilo kabla yetu: Muyaka wa Mombasa alitunga akijibizana na wenzake, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa malenga wa Tanganyika uwanja wa kuulizana na kujibiana kwa beti. Hakuna anayedai Muyaka alikosa sauti yake.

Hofu moja zaidi, ya kusifiwa bure, ndiyo naichukulia kwa uzito, kwa kuwa adabu zetu hutufanya tuone vigumu kumwambia mtu mzima, usoni pake, kwamba sura yake ya pili inachosha. Dawa yake ni kuchagua wenzako kwa usomaji wao, si kwa ujirani. Watu wanne, wewe ukiwamo, wanatosha. Kubalianeni siku isiyohamishwa, kurasa tano kwa kila zamu, na mwiko wa kujitetea. Na wewe unayesoma haya ukiwa na mswada kabatini, usianze kwa kumtafuta mchapishaji. Tafuta hao watatu, na uombe zamu ya kwanza iwe yako.