Modeli ya Tabianchi Ipimwe Mchana na Usiku

Ramani ya joto iliyogawanywa katika miraba midogo huaminiwa upesi. Rangi zinafuata mabonde, milima inajitokeza, pwani iko mahali pake, na mtazamaji huona kana kwamba mtu amepita kijiji kwa kijiji akiwa na kipimajoto. Lakini udogo wa miraba unatueleza tu kwamba kompyuta imepiga hesabu katika sehemu nyingi. Kama hesabu hizo zinalingana na joto lililopimwa, hilo ni swali jingine. Halmashauri, mipango ya maji na mashirika ya kilimo ya Afrika Mashariki yanapokea ramani hizi na kuzitumia kuamua mambo mazito, kwa hiyo swali hilo si la maabara peke yake.

Modeli za dunia nzima kwa kawaida hugawa anga katika miraba yenye upana wa kilomita 100 hivi. Modeli ya kikanda huchukua eneo moja, tuseme Afrika, na kulihesabu upya kwa miraba midogo zaidi, huku ikipokea upepo, joto na unyevu mipakani mwake kutoka kwa modeli kubwa. Mradi wa kimataifa wa CORDEX ulianza Afrika kwa miraba ya kilomita 50 hivi, kisha ukashuka hadi 25. Watafiti wa Uingereza walikwenda mbali zaidi kwa modeli iitwayo CP4-Africa: bara zima kwa miraba ya kilomita 4.5, miaka 10 ya wakati wetu kuanzia 1997, na miaka 10 mingine ya mwishoni mwa karne hii. Ukipunguza upana wa mraba kwa nusu, idadi ya miraba inakuwa mara nne, na hatua za muda katika hesabu nazo hazina budi kufupishwa kwa nusu. Kazi ya kompyuta inaongezeka takriban mara nane. Gharama hiyo inatupa haki ya kuuliza tumepata nini.

Faida ya kwanza iko milimani. Kilimanjaro ina mita 5,895, na mji wa Moshi uko chini yake kwenye mita 800 na kitu. Katika mraba wa kilomita 50, kilele, msitu, mashamba ya migomba na tambarare kavu vyote huchanganywa kuwa mwinuko mmoja. Tuseme modeli imeupa mraba huo mita 1,800. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo Moshi ya modeli itakuwa na baridi ya nyuzi 6 na zaidi kuliko Moshi ya watu, hata kama fizikia nyingine yote iko sawa. Miraba midogo huondoa sehemu kubwa ya kosa hili, na mtathmini makini husahihisha tofauti ya mwinuko kabla ya kulinganisha modeli na kituo cha hali ya hewa. Asipofanya hivyo, anapima urefu wa milima akidhani anapima joto.

Hata hivyo hiyo 6.5 isichukuliwe kama sheria ya kila saa. Usiku mkavu usio na mawingu, hewa baridi hutelemka na kutuama mabondeni, na chini kunakuwa na baridi kuliko kwenye mteremko ulio juu yake. Wakulima wa chai wa Kericho wanaijua vizuri: sakitu huunguza majani ya bondeni huku mashamba ya juu kidogo yakisalimika. Ukisahihisha usiku kama huo kwa kanuni ya mchana, unazidisha kosa badala ya kulipunguza.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linalonisumbua zaidi, yaani mazoea ya kutathmini modeli kwa wastani wa joto. Chukua mahali ambapo mchana hufika nyuzi 30 na usiku hushuka hadi 18. Wastani ni 24. Modeli inatoa mchana 27 na usiku 21. Wastani wake nao ni 24, na kwenye jedwali la ripoti kosa linaandikwa sifuri. Ilhali modeli hiyo imekosea nyuzi 3 mchana, nyuzi 3 usiku, na tofauti ya mchana na usiku imekatwa kutoka 12 hadi 6. Makosa mawili yamefutana, na huenda yana chanzo kimoja. Mawingu yakizidi katika modeli, mchana huzuia jua, usiku huzuia joto la ardhi lisipotee angani. Udongo ukiwa na maji kupita kiasi, nguvu ya jua huishia kwenye kuyafanya mvuke badala ya kupasha hewa. Kupunguza upana wa miraba hakurekebishi mambo haya moja kwa moja, kwa sababu mawingu ya chini, unyevu wa udongo na msukosuko wa hewa ya usiku bado huwakilishwa kwa kanuni za makadirio hata kwenye kilomita 4.5.

Kipimo cha pili kinachotia watu moyo bure ni uwiano wa miezi, yaani kama modeli inapanda na kushuka pamoja na vituo. Moscow, tofauti ya Januari na Julai huzidi nyuzi 20. Modeli yoyote inayojua kwamba kuna majira ya baridi na majira ya joto itapata alama za juu huko. Dar es Salaam, wastani wa mwezi wenye joto zaidi na ule wa kipupwe hupishana kwa nyuzi 5 tu au pungufu. Kosa la nyuzi 2, ambalo Moscow ni dogo, kwetu ni karibu nusu ya tofauti ya mwaka mzima. Viwango vya kuikubali modeli vilivyozoeleka Ulaya visihamishiwe ikweta bila kufikiriwa upya.

Ziwa Victoria nalo ni mtihani usiokwepeka. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake ya juu hukaa karibu na nyuzi 25. Usiku maji huwa na joto kuliko nchi kavu, upepo wa nchi kavu hukusanyika juu ya ziwa, na ndiyo sababu radi na dhoruba huwapiga wavuvi kabla ya alfajiri. Modeli zisizo na hesabu maalumu ya ziwa zimekuwa zikiazima joto la maji kutoka baharini, mamia ya kilomita mbali na mita 1,134 chini. Wim Thiery na wenzake walionyesha mwaka 2015, kwa modeli ya kilomita 7 yenye hesabu maalumu ya maziwa, namna maziwa makuu yanavyobadili tabianchi ya eneo zima. Joto la maji likikosewa, mvua ya usiku nayo inaharibika.

Ukiuliza vipimo vyenyewe ni vya kutegemewa kiasi gani, jibu linatofautiana sana na mahali. Vituo vingi viko mijini na kwenye viwanja vya ndege, vichache mno kwenye miteremko. Data maarufu ya CRU ya Uingereza hujaza nafasi zilizo wazi kwa kukadiria kutoka vituo vya jirani, kwenye miraba ya karibu kilomita 55. Kuipima modeli ya kilomita 4.5 kwa data hiyo ni kuweka samaki wa wavu wa dagaa kwenye wavu wa sangara: undani wote ulioulipia unapita matunduni. Mimi ningependelea vituo 12 vyenye kumbukumbu kamili na mwinuko unaojulikana kuliko ramani laini ya nchi nzima.

Kuna watakaosema makosa haya yote husahihishwa kwa takwimu baadaye. Husahihishwa, ila sahihisho linajua tu kile lilichoonyeshwa. Modeli yetu ya nyuzi 24 haina kosa la wastani la kuondoa, kwa hiyo itapita bila kuguswa. Sasa iweke kwenye kahawa. Utafiti wa Craparo na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba katika Tanzania kila ongezeko la nyuzi 1 katika kiwango cha chini cha joto, yaani joto la usiku, linaambatana na upungufu wa kilo 137 hivi za arabika kwa hekta kwa mwaka. Anayeingiza usiku wa nyuzi 21 mahali palipo na 18 halisi ameshapoteza zaidi ya kilo 400 kwa hekta katika hesabu yake, kabla mabadiliko ya tabianchi hayajaingia, na jedwali la tathmini bado linasoma sifuri.