Apu Yako Inajikokota? Cheki Kama Databesi Iko na Indeksi

Uko na apu ya kuuza njumu za mtumba. Ulipoanza na oda mia, kila kitu kilikuwa chap chap. Sasa oda zimefika milioni, na mteja akitafuta yake kwa namba ya simu, kiduara kinazunguka tu mpaka anachoka na kuhamia kwa msee mwingine. Kabla umwage doo kwa seva kubwa, pata rada: pengine databesi yako haina indeksi.

Bila indeksi, databesi inasoma jedwali lote, rekodi moja baada ya nyingine. Ni kama kusaka njumu saizi 42 kwa lundo la Gikomba. Hata ukipata pea moja, lazima uendelee kufukua, maanake hujui kama kuna ingine chini.

Indeksi ni orodha ya pembeni: namba za simu zimepangwa vizuri, na kila moja inaonyesha oda yake iko wapi. Ukikata namba milioni nusu kwa nusu, hatua kama 20 zinakufikisha kwa ile unataka. PostgreSQL na MySQL huenda mbali zaidi. Zinatumia mti unaoitwa B-tree, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, karibu mwaka wa 1970. Kila ukurasa wa mti hubeba mamia ya namba, so kurasa tatu ama nne hivi zinatosha.

Amri ni laini moja:

CREATE INDEX oda_simu ON oda (simu);

Lakini usiweke indeksi kila mahali, hiyo ni kujitafutia noma. Kila oda mpya ikiingia, indeksi zote zinazoihusu lazima ziandikwe upya kidogo. Zikijaa, kusoma kunaenda mbio lakini kuandika kunakuwa mzigo, na diski inaliwa.

Pia, mpangilio husaidia ukijua mwanzo. Ukisaka namba inayoishia na 678, yaani LIKE '%678', hiyo indeksi haikusaidii, vile tu huwezi pata mtu haraka kwa kontakti zako kama unajua herufi za mwisho za jina pekee.

Usibahatishe. Kwa PostgreSQL, weka EXPLAIN mbele ya swali lako. Ikisema Seq Scan kwa jedwali kubwa na unatafuta oda moja tu, hapo ndio shida iko. Jedwali likiwa dogo, tulia: kulisoma lote ni rahisi kuliko kupanda mti.