Mikono Inayotetemeka Kewanja

Mchimbaji mdogo akifika zahanati asubuhi mikono ikimtetemeka, watu husema ni gongo tu. Huenda ni kweli. Mnywaji wa kila siku huanza kutetemeka kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho, jasho likimtoka na moyo ukimwenda mbio. Lakini huyohuyo huchoma dhahabu iliyoshikana na zebaki juu ya bati, akivuta mvuke wake. Zebaki nayo hutetemesha vidole, hufukuza usingizi, huleta hasira za ghafla na kusahausahau. Wasiwasi uliopitiliza hufanana sana na hayo. Na yote matatu yanaweza kumpata mtu mmoja.

Kewanja, mojawapo ya vijiji vinavyozunguka mgodi wa North Mara wilayani Tarime, ina vilevi vingine karibu: bangi ya bonde la Mto Mara, na mirungi kutoka ng'ambo ya mpaka. Kijana ambaye ukoo wake una ugonjwa wa akili akivuta bangi kali, anaweza kuanza kusikia sauti na kushuku kila mtu. Mirungi humfanya akeshe, kisha gongo linatafutwa ili alale.

Mgonjwa wa namna hii huambiwa aache pombe kwanza, akili itatibiwa baadaye. Naamini kauli hiyo imewapoteza wengi. Mwenye sonona anayekunywa ili apate usingizi, ukimnyang'anya chupa bila kumtibu sonona, ataitafuta tena. Ni kweli daktari huhitaji wiki kadhaa bila pombe ili ajue huzuni imetoka wapi, ila anayetaka kujiua au anayesikia sauti hawezi kusubiri wiki hizo.

Kumfungia mnywaji chumbani ili aache ghafla ni hatari: degedege na kuweweseka siku ya pili au ya tatu vinaweza kumuua. Hospitalini hupewa diazepamu kwa dozi zinazopunguzwa, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Diazepamu hiyohiyo ikimezwa kiholela pamoja na gongo inaweza kukata pumzi.

Nayo methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, ni ya waraibu wa heroini. Haitibu gongo wala bangi. Kwa bangi, tegemeo ni ushauri nasaha wa muda mrefu, pamoja na dawa za akili kama sauti zipo.

Ndugu anayemsindikiza mgonjwa ana kazi kubwa. Amwambie daktari glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, zebaki huchomewa wapi, na kama sauti zilianza kabla ya bangi au baada yake.