Majina, Miaka na Miji: Uandishi wa Marejeo katika Taaluma za Kiswahili nchini Kongo

1. Utangulizi

Mswada wa kitaaluma huhukumiwa kwa hoja zake, lakini huaminiwa kwa marejeo yake. Marejeo ni njia inayomwezesha msomaji kuufikia ushahidi ule ule alioutumia mwandishi, ili aupime mwenyewe. Wanafunzi wengi huyaona kuwa ni suala la nukta na mikato tu, wakayaacha hadi usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi kazi. Kwa hakika nukta na mikato ndiyo sehemu nyepesi: hutofautiana kutoka jarida moja hadi jingine, na kila mhariri hutoa mwongozo wake. Yasiyobadilika ni maswali manne: nani aliandika, lini, nini, na kilichapishwa wapi.

Katika taaluma za Kiswahili nchini Kongo, maswali hayo yana ugumu wa pekee. Majina ya watu, ya miji, ya vyuo na hata ya nchi yenyewe yamebadilika ndani ya umri wa mtu mmoja. Makala hii inaeleza jinsi ya kukabiliana na ugumu huo.

2. Umbo la kawaida

Majarida mengi ya Kiswahili hufuata utaratibu wa mwandishi na mwaka. Ndani ya matini huandikwa jina la mwandishi, mwaka na ukurasa katika mabano; mwishoni mwa makala huwekwa orodha kamili kwa kufuata alfabeti. Kitabu huandikwa hivi: Lenselaer, Alphonse. 1983. *Dictionnaire swahili-français*. Paris: Karthala. Ikiwa ni makala ya jarida, jina la jarida ndilo linalopigwa mlazo, likifuatwa na juzuu na kurasa, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Toleo nalo halina budi kutajwa. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ilitoka mwaka 1981, kisha ikatolewa upya mwaka 2004 na mwaka 2013. Mtafiti anayedai kwamba neno fulani halimo katika kamusi hiyo, bila kutaja toleo, hajasema jambo linaloweza kuthibitishwa.

3. Jina la mwandishi

Miongozo mingi ya kigeni huagiza kwamba jina la mwisho litangulie katika orodha. Agizo hilo linafaa kwa Polomé, Edgar, lakini linapotosha majina mengi ya Kikongo, ambamo jina kuu hutangulia na jina la nyongeza hufuata. Mwanahistoria Isidore Ndaywel è Nziem huorodheshwa chini ya Ndaywel, si chini ya Nziem. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu ni Tshibumba; anayemtafuta chini ya Matulu hatampata.

Mwaka 1972 raia wa Zaire waliamriwa kuacha majina ya Kikristo, na waandishi wengi wakabadilisha namna ya kutia jina lao kwenye vitabu. Valentin-Yves Mudimbe alijulikana pia kama Mudimbe Vumbi Yoka, herufi V.Y. zinayafaa majina yote mawili. Katika hali kama hiyo, kazi zote za mtu mmoja ziwekwe chini ya jina moja kuu, na namna nyingine ya jina iongezwe katika mabano ya mraba pale inapohitajika. Bila hivyo, orodha humgawa mwandishi mmoja kuwa watu wawili.

4. Miji, vyuo na nchi

Kanuni ya msingi ni moja: jalada la ndani la kitabu linakiliwa, halisahihishwi. Kitabu kilichochapishwa Elisabethville mwaka 1960 kinabaki kuwa cha Elisabethville, ingawa mji huo umeitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Mwandishi akitaka kumsaidia msomaji kijana, ataandika: Elisabethville [Lubumbashi]. Mabano ya mraba huonyesha kwamba nyongeza hiyo ni yake, si ya mchapishaji.

Hali ni hiyo hiyo kwa tasnifu. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1981, vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani viliunganishwa katika Université Nationale du Zaïre. Tasnifu iliyotetewa Lubumbashi katika miaka hiyo ni ya UNAZA, Kampasi ya Lubumbashi. Akiitaja kwa jina la leo, mwandishi atakuwa amempeleka msomaji kwenye rafu isiyo yake.

Anwani za vitabu pia hubadilika. Kazi kubwa ya Ndaywel è Nziem ilitoka mwaka 1997 kwa jina la *Histoire du Zaïre*. Mwaka 1998 ikatoka kama *Histoire générale du Congo*. Mtafiti ataje ile aliyoishika mkononi. Vilevile, anwani yenye maneno "Shaba Swahili" haigeuzwi kuwa "Katanga Swahili", hata kama jimbo lilirudia jina lake la zamani mwaka 1997.

5. Nani mwenye maneno?

Swali zito zaidi linahusu matini za Kiswahili cha Kongo zilizochapishwa na wahariri wa kigeni. Mfano bora ni *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji huo iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha Amsterdam mwaka 1990 katika kitabu *History from Below*, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Mtafiti anayenukuu maneno ya Yav na kuandika "(Fabian 1990)" amemnyang'anya mwandishi kazi yake. Tena amepotosha ushahidi, kwa sababu maneno ya mwaka 1965 yanaonekana kuwa ya mwaka 1990, na ushuhuda wa mtumishi unaonekana kuwa maoni ya profesa. Njia sahihi ni: (Yav 1965, katika Fabian 1990), pamoja na ukurasa. Katika orodha: Yav, André. 1965. *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Katika: Fabian, Johannes (mhariri). 1990. *History from Below*. Amsterdam: John Benjamins. Hoja za Fabian mwenyewe, kinyume chake, zitajwe kwa jina la Fabian peke yake.

Liko jambo jingine. Yav hakufuata tahajia sanifu, na mara nyingi huunganisha au hutenga maneno kwa namna yake. Kwa sababu hiyo Kalundi Mango aliisoma matini kwa sauti, na usomaji wake ukaandikwa. Anayenukuu hana budi kusema ananukuu ipi: maandishi ya Yav au usomaji wa Kalundi. Tena asisahihishe tahajia kimyakimya. Anachokiona kuwa kosa huenda ndicho ushahidi anaoutafuta mwanaisimu mwingine. Ufafanuzi uwekwe katika mabano ya mraba au katika tanbihi.

Uangalifu huo unahitajika pia kwa masimulizi yaliyorekodiwa: jina la msimulizi, ikiwa ameridhia litajwe, pamoja na mahali na tarehe. Kwa matini iliyosomwa kwenye intaneti, iongezwe anwani yake na tarehe ya kuisoma, kwani kurasa hizo huhamishwa na kufutwa.

6. Hitimisho

Mwandishi atayarishe marejeo yake tangu siku ya kwanza ya kusoma, kitabu kikiwa bado mkononi, si siku ya mwisho kwa kutegemea kumbukumbu. Anakili kilichochapishwa, atenge nyongeza zake kwa mabano ya mraba, na ampe kila mwenye maneno maneno yake. Nukta na mikato mhariri anaweza kuzirekebisha kwa dakika chache. Jina la mwandishi lililofutwa katika orodha moja hurithiwa na orodha zinazofuata, na kulirudisha ni kazi ya miaka.